Maneno ya "mama" katika bonde la Mto Tana

Katika Kaunti ya Tana River, nchini Kenya, mama huitwa kwa lugha kadhaa. Garsen, penye njia panda ya Malindi, Hola na Lamu, Wapokomo wanaolima kingoni mwa mto hukutana na wafugaji wa Kiorma na wa Kisomali. Kiswahili huwaunganisha, na humo mwanamke mzima huitwa *mama* kwa heshima, awe amezaa au hajazaa.

Kiorma ni tawi la Kioromo, ambamo mama ni *haadha*. Wasomali husema *hooyo*, neno lisilo na m hata moja. Kiswahili cha kale, hasa cha ushairi, kilikuwa pia na *nina*. *Nyoko*, yaani mama yako, limeharibika likawa tusi zito, jambo la kusikitisha. Dada za mama nao ni mama, mkubwa au mdogo.

Mwanaisimu Roman Jakobson alihusisha kuenea kwa m na mguno wa mtoto anyonyapo. Hoja hiyo ina uzito, ila haienei kote: kwa Kijojia, *mama* ni baba, na mzazi wa kike ni *deda*.

Akina mama wa Kipokomo wameipa Kenya kitu kikubwa zaidi. Lahani ya wimbo wa taifa, unaoimbwa tangu uhuru mwaka 1963, ilitokana na wimbo wao wa kubembeleza watoto. Miongoni mwa wanakamati walioutayarisha ni Thomas Kalume, George Senoga-Zake na Washington Omondi.