Mchezaji gofu wa kulipwa ni nani hasa?

MWANAFUNZI wa Chuo Kikuu cha Alabama nchini Marekani, Nick Dunlap, aliwashangaza wengi Januari 2024 alipotwaa ubingwa wa mashindano ya The American Express huko La Quinta, California, akiwa na umri wa miaka 20. Hata hivyo, hundi ya bingwa yenye thamani ya dola 1,512,000 za Marekani haikwenda kwake. Ilichukuliwa na Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini, aliyemaliza wa pili kwa tofauti ya mkwaju mmoja.

Sababu ilikuwa moja tu: Dunlap alikuwa bado mchezaji wa ridhaa. Siku chache baadaye alitangaza kuingia katika gofu ya kulipwa, na Julai mwaka huohuo alishinda mashindano ya Barracuda Championship. Safari hiyo aliondoka na kombe pamoja na fedha zake.

Kisa hicho kinafafanua jambo ambalo wapenzi wengi wa michezo hulichanganya. Mchezaji wa kulipwa si lazima awe hodari kuliko wa ridhaa. Kinachowatenganisha ni hadhi inayotokana na fedha, na uamuzi wa mmoja wao kuifanya fimbo ya gofu kuwa jembe lake.

Sheria zinavyosema

Hadhi hiyo inasimamiwa na vyombo viwili: R&A yenye makao yake St Andrews, Uskoti, na USGA ya Marekani. Kwa mujibu wa kanuni zilizoanza kutumika Januari 1, 2022, mchezaji wa ridhaa hupoteza hadhi yake akipokea zawadi inayozidi dola 1,000 au pauni 700, akishiriki mashindano kama mchezaji wa kulipwa, au akilipwa kwa kufundisha, isipokuwa katika mazingira machache yaliyoruhusiwa.

Kanuni hizo pia ziliondoa vikwazo vya muda mrefu kuhusu udhamini. Tangu hapo, mchezaji wa ridhaa anaweza kutangaza bidhaa na kulipwa bila kuvunja sheria. Anayebadili nia baada ya kuingia katika gofu ya kulipwa anaweza kuomba kurejeshewa hadhi ya ridhaa, lakini hulazimika kusubiri.

Walimu na wapiganaji

Kuna makundi mawili makubwa ya wachezaji wa kulipwa. La kwanza, ambalo ndilo lenye watu wengi, ni la wale walioajiriwa katika klabu. Hao hufundisha wanachama, huendesha duka la vifaa na kuandaa mashindano. Kipato chao hakitegemei kombe, bali ajira na ada za masomo.

Kundi la pili ni la wanaosafiri kutoka mashindano hadi mashindano. Ndio wanaoonekana katika televisheni, na ndio wanaowafanya vijana waamini kuwa gofu ya kulipwa ni utajiri mtupu.

Mgawanyo huo haukuwapo zamani. Mashindano ya kwanza ya The Open, yaliyofanyika Prestwick, Uskoti, mwaka 1860, yalikuwa na wachezaji wanane tu, wote wa kulipwa. Mabingwa wa enzi hizo, akiwamo Tom Morris Mkubwa, walijipatia riziki kwa kutengeneza vifaa na kutunza viwanja. Klabu nyingi ziliwaona kama watumishi na kuwazuia kuingia katika majengo ya wanachama, hadi klabu ya Inverness ya Toledo, Marekani, ilipowafungulia milango wakati wa US Open ya 1920.

Mchujo

Mwanasoka hulipwa mshahara hata akikaa benchi. Mchezaji gofu wa kundi la pili hana uhakika huo. Mashindano mengi makubwa huchezwa siku nne, mashimo 18 kwa siku. Baada ya siku mbili hufanyika mchujo. Katika PGA Tour ya Marekani, 65 bora na waliofungana nao katika nafasi ya mwisho ndio huendelea.

Kwa desturi, aliyechujwa hapati zawadi yoyote. Nauli, hoteli, chakula na malipo ya kedi wake vyote hubaki juu yake. Mkwaju mmoja uliopotea jioni ya Ijumaa unaweza kumfanya arudi nyumbani na deni. Kwa kutambua hali hiyo, PGA Tour ilianzisha mwaka 2023 utaratibu wa kuwahakikishia wanachama wenye kadi kamili angalau dola 500,000 kwa msimu, lakini wenye kadi hizo ni wachache. Novemba 2024 iliamuliwa kuwa wanaobakiza kadi kwa pointi za msimu wapunguzwe kutoka 125 hadi 100.

Barani Ulaya, wanaotafuta kadi ya DP World Tour hupitia mashindano ya mchujo ambayo hatua yake ya mwisho pekee ina raundi sita, yaani mashimo 108.

Afrika Mashariki

Katika ukanda huu, kipimo kikuu ni Kenya Open, iliyoanza mwaka 1967 na kuingia katika ziara kuu ya Ulaya mwaka 2019. Seve Ballesteros wa Hispania aliishinda mwaka 1978. Mwaka 2025, katika uwanja wa Muthaiga jijini Nairobi, zawadi zote zilifikia dola milioni 2.5, na ubingwa ukaenda kwa Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini.

Hakuna Mkenya aliyewahi kulitwaa kombe hilo. Jacob Okello alilikaribia mno mwaka 1998, akashindwa na Ricardo González wa Argentina katika mchezo wa ziada wa kumtafuta mshindi.

Kwa wenyeji, msururu wa Safari Tour umekuwa njia ya kupata nafasi katika Kenya Open. Kwa upande wa wanawake, uwanja wa Vipingo Ridge, Kilifi, ulipokea ziara ya wanawake ya Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka 2019.

Kwa kijana anayetaka kuacha ridhaa, basi, kupiga mpira mbali hakutoshi. Anapaswa kujua nani atamlipia nauli ya wiki ijayo endapo atachujwa wiki hii.