Wikipedia: kwa nini ulichoandika kuhusu kata yako kimeondolewa

Makala nyingi za kata za Karagwe na Kyerwa katika Wikipedia ya Kiswahili ni fupi mno: jina la kata, wilaya, mkoa, postikodi na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Chini yake huandikwa kwamba makala hiyo ni mbegu, yaani inasubiri mtu wa kuikuza. Mwenyeji anaifungua kwenye simu, anabonyeza alama ya kalamu, anaeleza kijiji kilianzishwa na nani na jina lake lilitoka wapi. Siku chache baadaye maandishi yake hayapo. Wasikilizaji wanaotuuliza jambo hili hudhani wameonewa.

Mara nyingi sababu ni kwamba hawakuonyesha chanzo.

Wikipedia ilianza mwaka 2001, na ile ya Kiswahili mwaka 2003. Inaandikwa na watu wanaojitolea, na hakuna anayekuomba cheti wala barua ya mtendaji wa kijiji. Kwa hiyo msomaji aliyeko Mombasa au Muscat hana namna ya kujua kama wewe ni mzaliwa wa Nkwenda au ni mtu anayefanya utani. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali pa kwenda kuhakiki mwenyewe: kitabu, gazeti, ripoti ya serikali, chapisho la chuo kikuu. Unaweza kuwa umesema kweli tupu na bado sentensi yako ikaondolewa.

Chukua idadi ya watu. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 425,476 wilayani Karagwe. Ile ya 2012 ilihesabu 332,020. Ukiziweka namba hizo mbili bila maelezo, msomaji atadhani watu walihama au walikufa. Kumbe mwaka 2012 Kyerwa ilikuwa imemegwa kutoka Karagwe, na peke yake ilikuwa na watu 321,026 katika sensa hiyohiyo. Ukiandika tu "kwa mujibu wa serikali" hujamsaidia mtu. Taja Ofisi ya Taifa ya Takwimu, taja mwaka wa sensa, taja eneo lililohesabiwa. Na kwa kuwa sensa ya 2022 imeshafanyika, kusahihisha namba za kata yako ni kazi nzuri ya kuanzia.

Kanuni inayowaumiza zaidi watu wa huku ni ile inayokataza utafiti wako mwenyewe. Umekaa na mzee Bweranyange, amekusimulia habari za watawala wa Karagwe, nawe ukayaandika. Simulizi hiyo haina ukurasa ambao mwingine anaweza kuufungua. Sisi tunaona kanuni hii inazibana jamii ambazo historia yake ilikaa midomoni kuliko kwenye karatasi. Hatuko peke yetu: mwaka 2011 mradi mmoja ulijaribu, nchini India na Afrika Kusini, kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kama vyanzo. Lakini utaratibu wa kawaida bado ni chapisho.

Bahati nzuri, machapisho yapo. Israel Katoke alitoa kitabu cha historia ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, kilichotumia pia masimulizi ya wazee. Kabla yake, Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861 na kuchapisha habari za safari yake mwaka 1863. Hapa panahitaji uangalifu. Speke alikuwa mgeni wa muda mfupi, na mawazo yake kuhusu asili ya watawala wa huku yalikataliwa na wanahistoria wa baadaye. Kwa hiyo andika "Speke aliandika kwamba", usiandike kana kwamba jambo limethibitishwa, kisha weka Katoke kando yake.

Je, redio? Kipindi kilichopita hewani bila kuhifadhiwa hakikaguliki. Makala yenye tarehe kwenye tovuti inaweza kutajwa. Ila mtangazaji akisoma kitu Wikipedia, kisha mtu akamtaja mtangazaji kama chanzo ndani ya Wikipedia hiyohiyo, tumezunguka mti tu. Ndiyo maana Wikipedia hairuhusu makala yake moja iwe chanzo cha nyingine.

Ukiwa kwenye simu, usichanganywe na maneno "Hariri chanzo". Hayahusu marejeo, yanafungua maandishi yenye alama za kompyuta. Anza na sentensi moja, kwa maneno yako mwenyewe, na mwisho wake weka mwandishi, jina la chapisho, mwaka na ukurasa. Ikiondolewa, usiirudishe kwa nguvu. Fungua historia ya makala usome sababu, kisha uliza kwenye ukurasa wa majadiliano. Duka lako na wasifu wako waachie wengine waandike.

Na kama huna kitabu mkononi, piga picha ya soko la Kayanga au kivuko cha barabara kata yako. Picha uliyopiga mwenyewe unaweza kuipakia bila kutaja kitabu chochote, na makala nyingi za kata zetu hazina hata moja.