Kutoka Baghdad hadi Mingoyo: zikiri iliyowatia wakubwa hofu

Mwaka 1999 bendi ya roki ya Pakistan iitwayo Junoon ilitoa albamu ya Parvaaz, iliyojengwa juu ya mashairi ya sufi wa Punjab, Bulleh Shah, aliyefariki mwaka 1757. Sheikh aliyemlea Bulleh Shah, Shah Inayat wa Lahore, alikuwa mtu wa tarika ya Kadiria. Tarika hiyohiyo ndiyo iliyoshuka majahazini Lindi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, ikapanda na maji hadi Mingoyo, na kutoka hapo ikashika njia ya bara kuelekea Masasi na Ruvuma.

Gita la umeme la Lahore na dufu la Mingoyo, kwa hiyo, ni ndugu wa mbali waliotoka kwa babu mmoja wa Baghdad. Hawakupata kukutana, lakini wamepitia mashitaka yanayofanana. Huku na huko walishitakiwa kwa sauti zao, na huku na huko kilichowakera wakubwa hasa kilikuwa watu waliokusanywa na sauti hizo.

Sheikh wa Barawa

Kadiria inanasibishwa na Sheikh Abdulkadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Katika pwani yetu mlango wake mkubwa ulikuwa Barawa, mji wa kale ulio Somalia ya leo. Huko ndiko alikozaliwa Sheikh Uways bin Muhammad mwaka 1847. Alikwenda Baghdad kusoma, akarudi na ijaza, yaani idhini, ya kueneza tarika, kisha akaanza kufika Unguja katika utawala wa Sayyid Barghash. Kasri ilimpokea vizuri, na masultani waliofuata hawakumfungia mlango.

Kutoka Unguja makhalifa, yaani wawakilishi wake, walitawanyika hadi Bagamoyo, Dar es Salaam, Tabora na kusini. Katika waliofanya kazi kusini anatajwa Sheikh Issa bin Ahmed, mtu wa nasaba ya Ngazija na Barawa, ambaye nyayo zake zinaonekana Lindi na pia Kisiwa cha Msumbiji. Uways mwenyewe hakufa kitandani. Mwaka 1909 aliuawa na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, kiongozi wa Wasomali aliyepigana na Waingereza na ambaye hakuelewana na masheikh wa Kadiria.

Kilwa nako kulikuwa na tarika nyingine iliyotia mizizi. Shadhilia ilivuka kutoka Ngazija, ilikokuwa imeenezwa na Sheikh Muhammad Maarufu wa Moroni, aliyefariki mwaka 1905. Baadaye Kilwa ikawa miongoni mwa makao yake makubwa katika Tanganyika, chini ya Sheikh Hussein bin Mahmoud na wanawe.

Mingoyo haikuwa na sultani wala kasri. Ilichokuwa nacho ni mahali ilipokaa. Ipo pale ambapo maji ya bahari ya Lindi yanakaribia kwisha na bonde la Lukuledi linaanza, mahali pa kuteremsha mizigo ya chombo na kuipandisha mabegani. Leo karibu na hapo, Mnazi Mmoja, barabara itokayo Lindi inagawanyika, moja ikienda Mtwara na nyingine Masasi. Mahali pa namna hiyo habari hazilali. Wamwera, Wayao, Wamakonde, watu wa Kilwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi walipishana humo kwa shughuli zao, na aliyefika na uradi mpya hakukosa wa kumsikiliza.

Ndani ya halka

Katika halka ya zikiri watu husimama kwa duara au kwa safu zinazotazamana, bega kwa bega. Khalifa hufungua kwa Fatiha na nyuradi za tarika. Kisha jina la Mungu linaanza kurudiwa, kwanza taratibu, maneno yote yakisikika, halafu kwa kasi, mpaka kinachobaki ni pumzi nzito inayotoka kifuani kwa pamoja. Ndiyo maana aina moja ikapewa jina la zikiri ya kukohoa. Miili inainama na kuinuka kwa mpigo mmoja. Juu ya pumzi hiyo msomaji mwenye sauti nzuri huelea na kaswida, akipandisha na kushusha, huku kiongozi akiangalia nani amezidiwa na nani bado ana nguvu.

Wapo wanaotia dufu na matari. Washadhilia wao hutegemea koo na pumzi bila ngoma. Tofauti hizo zilitosha kuzusha ubishi, lakini zote zilikuwa na jambo moja kubwa: mtu hakuhitaji kujua Kiarabu, wala kuwa na vitabu, wala kuwa na babu anayetajika ili apate nafasi katika safu. Aliyefika usiku huo kwa mara ya kwanza aliweza kushika mpigo kabla ya alfajiri.

Kwa jamii ya pwani ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Elimu ya dini ilikuwa mikononi mwa koo chache. Muungwana alijulikana kwa kanzu yake, kwa nyumba yake na kwa watumwa wake. Mtu wa bara, hata akisilimu, aliambiwa kwa njia nyingi kwamba bado hajafika.

Mtumwa anakuwa khalifa

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Bagamoyo. Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, alitekwa Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtoto na akafikishwa pwani kama mtumwa katika nyumba ya tajiri wa Kiarabu. Alisoma, akafanya biashara, akaachwa huru, akapewa ukhalifa wa Kadiria. Hadi anafariki mwaka 1931, alikuwa mmoja wa masheikh wenye wafuasi wengi kabisa katika Tanganyika, na maulidi ya Bagamoyo yalikuwa yakivuta wageni kutoka mbali. Watoto wa waliokuwa mabwana walibusu mkono wa aliyekuwa mtumwa.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Sheria ilimpa mtu uhuru, lakini haikumwambia akae wapi msikitini, azikwe na nani, wala nani atamwozesha binti yake. Tarika ilikuwa na majibu ya maswali hayo. Ilimpa sheikh, ndugu wa kumbeba jeneza, na silsila, yaani mlolongo wa walimu unaorudi nyuma hadi Baghdad na hadi kwa Mtume. Asiyekuwa na nasaba ya damu alipata nasaba ya zikiri.

Wanawake nao waliipata nafasi. Barawa ilikuwa na Dada Masiti, mtunzi wa tenzi za Kichimini, lahaja ya mji huo, aliyefariki mwaka 1919, ambaye mashairi yake yaliheshimiwa na masheikh wenyewe. Nyasaland, Malawi ya leo, Kadiria ilipata msukumo kutoka kwa mwanamke aliyetokea Unguja, Mtumwa binti Ali, aliyekuwa na murid, yaani wafuasi, wake mwenyewe.

Barua ya mwaka 1908

Kusini walikuwa wametoka tu kwenye Maji Maji. Vita hivyo, vya mwaka 1905 hadi 1907, vilifuatwa na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Katikati ya mwaka 1908, Lindi ikapokea barua iliyosemekana imetoka Makka. Ilidai kwamba Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume Madina, ameota ndoto na kupewa onyo: kiama kimekaribia, watu watubu, waache maasi, na kila aipatae barua ainakili na kuipeleka mbele.

Barua za namna hiyo zimezunguka ulimwengu wa Kiislamu mara nyingi, na bado zinazunguka, siku hizi kwenye simu. Ila Wajerumani, ambao damu ya Maji Maji ilikuwa bado haijakauka mikononi mwao, waliisoma kama wito wa vita vingine. Wakaihusisha na watu wa zikiri. Wakafuatilia nani kainakili na nani kaipeleka kijiji gani. Katika uchunguzi huo lilijitokeza jina la ukoo wa Barwani, na hasa la Muhammad bin Khalfan, yule Rumaliza mzaliwa wa Lindi aliyewahi kutawala biashara ya Ujiji kabla ya Wabelgiji na Wajerumani kumfurusha, na ambaye wakati huo alikuwa Unguja.

Vita havikuja. Kilichokuja ni watu kuingia Uislamu kwa wingi katika miaka iliyofuata, vijijini kabisa, na mara nyingi walioleta dini hiyo walikuwa wanakijiji wenyewe waliokwenda pwani na kurudi. Serikali ilikuwa ikitafuta jeshi la siri. Iliyokuwepo ilikuwa jamii iliyovunjwa na vita na njaa, ikijiunga upya usiku kwa duara.

Hukumu ya wanazuoni

Upinzani wa ndani ulidumu kuliko wa Wajerumani. Lamu, Habib Saleh bin Alawi Jamal al-Layl, aliyefariki mwaka 1935, alipowakaribisha watu wa chini na kuingiza maulidi ya Habshi kwa matari, waungwana wa mji walichukia. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika magazeti yake ya Sahifa, lililoanza mwaka 1930, na Al-Islah, la mwaka 1932, aliwataka Waislamu waache bidaa na washike elimu. Kwa Wayao, mgogoro uligawa vijiji kati ya watu wa tarika na watu wa sukuti, yaani wanaotaka mazishi ya kimya.

Hoja za wapinzani hazikuwa za kijinga. Waliuliza: jina la Mungu likikatwa hadi kuwa pumzi, je, bado ni jina la Mungu? Dufu lina ruhusa wapi na wapi halina? Masheikh wa tarika walijibu kwa vitabu vyao. Lakini katika ubishi huo mara nyingi fikihi ilichanganyika na jambo jingine, nalo ni kwamba halka ilikuwa ikimwinua mtu ambaye mji ulizoea kumwona chini.

Junoon na marufuku

Hapo ndipo hadithi ya Lahore inapofanana na yetu. Bulleh Shah alikuwa Sayyid, mtu wa nasaba ya Mtume. Alipomfuata Shah Inayat, aliyetoka katika jamii ya wakulima wa bustani, ndugu zake waliona aibu. Mashairi yake yamejaa dhihaka kwa wanaojivunia ukoo na kanzu.

Mwanzilishi wa Junoon, Salman Ahmad, alizaliwa Lahore, akapitia ujana wake karibu na New York, akarudi kwao kusomea udaktari. Gita likamshinda nguvu. Alipita kwenye bendi ya Vital Signs, kisha mwaka 1990 akaunda Junoon pamoja na mwimbaji Ali Azmat. Baadaye akajiunga nao mpiga besi Brian O'Connell, Mmarekani aliyekuwa rafiki yake wa shule. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1991. Kufikia Inquilaab, ya mwaka 1996, walikuwa wamechanganya gita zito na ngoma za Punjab na uimbaji wenye harufu ya kawali, ule muziki wa makaburi ya mawalii ambao Nusrat Fateh Ali Khan alikuwa ameufikisha Ulaya na Marekani. Azadi, ya mwaka 1997, yenye wimbo Sayonee, iliwapa umaarufu hata India.

Serikali ya Pakistan haikuchelewa. Wimbo Ehtesaab, uliowasema wanasiasa kwa ufisadi, ulizuiwa kwenye televisheni ya taifa. Mwaka 1998 India na Pakistan zilipolipua mabomu ya nyuklia, Junoon, waliokuwa wakipiga muziki India, walisema hadharani kwamba hawaoni cha kushangilia. Wakaitwa wasaliti, na utawala wa Nawaz Sharif ukawafungia milango ya redio na televisheni. Upande mwingine walikuwapo maulamaa waliosema muziki wenyewe ni haramu. Salman Ahmad alikwenda kukaa na baadhi yao Peshawar, gita mkononi, akiwauliza aya iko wapi. Mazungumzo hayo yamo katika filamu ya mwaka 2003.

Marufuku haikuwavunja. Tarehe 24 Oktoba 2001 walipiga muziki katika ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, New York. Waliachana miaka michache baadaye kwa hiari yao, kila mmoja akashika njia yake, wakakutana tena jukwaani Karachi tarehe 25 Desemba 2018.

Kaswida kwenye simu

Pwani ya kusini nayo imepita mengi. Mwaka 1968 BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ilichukua nafasi ya jumuiya za awali za Waislamu, na tangu miaka ya 1980 vijana wa Ansari Sunna wamefufua hoja za Sheikh Al-Amin kwa ukali zaidi. Kaswida, iliyokuwa sehemu moja tu ya usiku wa zikiri, imetoka ikajitegemea: ina vikundi, sare, studio na video, na inasikika kwenye simu na kwenye mabasi.

Halka yenyewe, hata hivyo, haiingii kwenye simu. Inahitaji watu waje kwa miguu yao. Ndiyo maana ubishi wa zamani leo huibuka hasa msibani, mwili ukiwa ndani na shuka la sanda likisubiriwa: atoke kwa zikiri na bendera, au atoke kimya? Mjukuu aliyesoma mjini anasema kimya. Mzee aliyesimama safu moja na marehemu anasema zikiri, kwa sababu aliahidi. Hapo fatwa ya Mombasa, ripoti ya Mjerumani na cheti cha BAKWATA havina kauli ya mwisho. Wafiwa ndio wanaoamua, na uamuzi wao unategemea swali ambalo tarika iliwajibu babu zao zaidi ya miaka 100 iliyopita: huyu alikuwa mtu wa nani?