Video Yangu ya Mombasa Ilikuwa na Makosa

Wiki tatu zilizopita niliweka ile video ya "Siku Yangu ya Kwanza Mombasa". Wengi wenu mliiona, mkacheka vile nilipotea Mji wa Kale nikatokea jikoni kwa watu. Sawa. Lakini kuna sentensi moja nilisema mbele ya Ngome ya Yesu, kwa kujiamini kabisa, miwani usoni: "Mji huu ulijengwa na Wareno na Waarabu." Halafu nikaendelea kula.

Binamu yangu akamwonyesha nyanya ile video kwa simu, huko Msambweni. Nyanya akaitazama mpaka mwisho bila kusema kitu. Kisha akauliza swali moja tu:

"Na sisi tulikuwa wapi?"

Swali hilo limenikosesha raha, wallahi. Kwa hivyo hii si video. Hii nimeiandika, kwa sababu kuna mambo hayaingii kwenye sekunde sitini.

Kwanza mjue kwa nini kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Msambweni anaenda Mombasa kama mtalii. Kutoka kwetu mpaka Likoni si mbali, ni matatu moja. Lakini kwetu nyumbani "kuvuka" ni neno zito. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu kabisa na ukingo, na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa watu wa ng'ambo yetu hii, wanaenda kazini asubuhi. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimelelewa na nyanya ambaye tangu siku ile amevuka mara za kuhesabu, na kila mara kwa sababu ya hospitali au maiti. Kwa hivyo mji nilikuwa nauona kutoka Likoni tu, taa za usiku, kama picha ya ukutani. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unaingia Mombasa bila kugusa feri. Nyanya anasema na hiyo pia ataifikiria.

Mimi nilipanda feri. Nikafikia kwa mjomba, Majengo, wiki mbili. (Mjomba ananiita mjomba na mimi namwita mjomba. Watu wa bara wanaosoma hapa, msichanganyikiwe.) Nilikuwa na mpango wa mambo matatu: chakula, majumba, na muziki wa kupigwa mbele ya macho yangu, sio wa spika.

Tuanze na tumbo.

Baada ya lile swali la nyanya nikaanza kusoma, na nikagundua mimi si mgeni wa kwanza kuja Mombasa, kulala, kula na kutangaza. Mwaka 1331 alipita Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko. Alilala usiku mmoja tu, yaani hata mimi nilimshinda. Alisema chakula cha watu wa Mombasa ni ndizi na samaki, kwamba kuna ndimu, kwamba misikiti yao ni ya mbao na imejengwa imara, na kwamba watu wanaosha miguu kabla ya kuingia. Halafu akaandika jambo ambalo nililisoma mara mbili: watu wa kisiwa hiki hawalimi nafaka, wanaletewa kutoka pwani ya bara.

Wanaletewa! Miaka karibu mia saba iliyopita, kabla Mreno yeyote hajaiona bahari hii, mji ulikuwa unakula kwa sababu kuna mtu mahali fulani amelima, amebeba, amevusha. Mgeni wa usiku mmoja aliliona hilo. Mimi wa wiki mbili, na simu yenye kamera tatu, sikuliona.

Basi nikarudi sokoni nikiwa na macho mengine. Nenda Marikiti asubuhi, usiende saa nne jua likiwa kali. Utaona nazi zinashushwa kwenye lori. Uliza zimetoka wapi. Mimi niliuliza, jamaa akajibu bila kuniangalia: "Msambweni." Nikanyamaza. Nazi za kwetu zimefika mjini kabla yangu, tena mara elfu, na hakuna aliyezirekodi. Mahamri yana tui. Mbaazi za nazi, jina lenyewe linajitaja. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, vibibi. Ondoa nazi kwenye jiko la Mombasa uone kitakachobaki. Chai na njaa.

Lakini hapa lazima nimsahihishe nyanya pia, na naomba radhi zake. Yeye aliona nakula muhogo wa kukaanga kule Mama Ngina, ule wa kupasuliwa ukatiwa pilipili na ndimu, akasema kwa hasira, "Na huo muhogo, umetoka kwa Wareno?" Nyanya, ndiyo. Muhogo asili yake ni Marekani ya Kusini, na Wareno ndio walioupitisha kuja Afrika. Pilipili vilevile. Mahindi vilevile. Chakula tunachokiita cha kwetu kuliko vyote, sima na mchicha, nusu yake ilivuka bahari ya Atlantiki. Nilipomwambia hivyo kwa simu alikata.

Viazi karai ndivyo vilivyonimaliza kabisa. Viazi vinatoka milima ya bara. Unga wa dengu na mkono wa kukaanga ni wa Wahindi. Ukwaju wa juu yake unaweza kuuokota ukitembea Kwale. Sahani moja ya kula umesimama kando ya barabara, na ndani mna reli, jahazi na mti wa nyuma ya nyumba yetu.

Sasa majumba.

Zile pembe za Moi Avenue sitapoteza muda nazo. Ni alumini, zilisimamishwa miaka ya 1950 kupamba ziara za familia ya kifalme ya Uingereza, piga picha uende.

Ngome ndiyo ina maneno. Ilianzwa mwaka 1593. Mchoraji wake hata hakuwa Mreno, alikuwa Mtaliano, Cairati. Mafundi wengine waliletwa kutoka India. Lakini jiwe ni tumbawe, na ardhi ni ile ile waliyoikuta. Waomani wakaichukua mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Hapa kuna kitu kinanichekesha: neno letu "gereza" lilitoka kwa Wareno, na kwao maana yake ni kanisa. Yaani mtu alisikia jina la nyumba ya Mungu, akatazama kinachofanyika ndani, akaamua ni jela. Lugha haisahau.

Kwenye video nilisimama Ngomeni dakika mbili na nusu kati ya dakika nne. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko ile sentensi. Kwa sababu ukitoka pale ukaingia vichochoroni, ukaacha kutazama zile roshani za mbao zilizochongwa (nzuri, kweli, nyingi zina mkono wa Gujarat), ukaomba kuingia nyumba moja ya zamani ukatazama juu, utaona boriti. Miti ya mikoko imepangwa sambamba, juu yake mawe na chokaa. Na utaona chumba ni chembamba na kirefu kama behewa. Nilimuuliza mzee mwenye nyumba kwa nini. Akanyoosha kidole kwenye dari: "Chumba chafuata boriti. Mti ukiisha, chumba kimekwisha."

Hebu tulia na hilo kidogo. Upana wa sebule ya tajiri wa Mombasa, mwenye sahani za Uchina ukutani, uliamuliwa na urefu wa mkoko. Na mkoko hauoti Mji wa Kale. Ulikatwa Lamu, ulikatwa Rufiji, na ulikatwa huku kwetu pia, Gazi na Vanga, na watu waliosimama kwenye tope hadi kiunoni. Majina yao hayako kwenye kibao chochote. Leo pale Gazi mikoko inalindwa. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ukaa badala ya boriti, na pesa zinaingia kwenye maji na shule. Nimepita pale miaka yote na matatu nikidhani ni msitu tu unaonuka.

Gazi hiyo hiyo ina stori nyingine. Mazrui ndio waliotawala Mombasa mpaka Sayyid Said alipowashinda mwaka 1837. Baadhi wakaenda Takaungu, wengine wakaja Gazi. Yaani walioporwa mji walikuja kuishi kwetu. Mbaruk bin Rashid akiwa Gazi alikataa utawala, akapigana na Waingereza 1895 mpaka 1896, akaishia kukimbilia upande wa Wajerumani, Tanganyika. Nilisoma Kwale miaka kumi na miwili na nilimjua Napoleon kabla ya Mbaruk. Sijui nimlaumu nani, lakini nalaumu.

Na kama unataka mawe, pale Diani, Mwachema inapoingia baharini, Msikiti wa Kongo umesimama katikati ya mibuyu kwa karne kadhaa, na watu bado wanaswali ndani. Hakuna tikiti. Wageni wa hoteli wanapita na ngamia mbele yake wakienda kupiga picha ya machweo. Mimi pia nilikuwa napita.

Muziki ndio ulioniuma zaidi.

Nilikuja Mombasa nikiwa na picha kichwani: kila kona bendi, taarab ikilia, mtu na udi wake barazani. Usiku wa kwanza nilisikia DJ. Usiku wa pili nilisikia DJ mwingine akipiga nyimbo za yule wa kwanza. Mjomba akanicheka: "Bendi? Mjomba, bendi zilikwisha kuvuka zamani."

Sikumwelewa. Akanieleza. Mji huu ulikuwa na Maulidi Juma, Zuhura Swaleh, Juma Bhalo, watu ambao harusi ilikuwa haikamiliki bila wao. Ulikuwa na Mombasa Roots, ambao miaka ya 1980 walichukua chakacha, ngoma ya akina mama ya harusini, wakaitia gitaa na kinanda mpaka ikachezwa disko. Ulikuwa na bango ya Mzee Ngala, saksafoni ya jazi imechanganywa na taarab na ngoma za Mijikenda, muziki ambao ukiusikia mara ya kwanza unadhani ni Kuba kisha unasikia maneno ni ya shangazi yako. Lakini bendi inahitaji mtu wa kulipa kila wiki, na kwa muda mrefu aliyelipa kila wiki ni hoteli. Hoteli ziko wapi? Ufukweni, na nyingi ziko kwetu, Diani. Wanamuziki wa mjini wakawa wanavuka jioni kwenda kupiga, wanarudi usiku. Vurugu za Likoni za mwaka 1997 zikafukuza watalii, hoteli zikabaki tupu. Mambo yakarudi polepole, kisha 2020 korona ikafunga tena.

Ndipo nikakumbuka. Nikiwa mdogo nilikuwa nalala kwa shangazi Ukunda, nyuma ya ukuta wa hoteli moja. Kila Jumamosi nilikuwa nasikia saksafoni na ngoma mpaka nashikwa na usingizi. Nilikua nikiamini ule ni muziki wa wazungu, kwa sababu ulitoka upande wa wazungu. Ulikuwa bango. Nilisafiri kwenda mjini kuutafuta muziki niliolala nao miaka sita, ila ukuta na askari wa geti vilikuwa katikati.

Na hili nalisema wazi, mkitaka mnijie kwenye komenti: muziki wa pwani kupigwa pwani mahali ambapo mtoto wa pwani hawezi kuingia ni aibu. Siwalaumu wanamuziki, wana watoto. Lakini kaunti ina viwanja, ina siku za sherehe, na kila mara tunaletewa msanii wa Nairobi anayeimba juu ya sidii dakika ishirini. Wazee wa sengenya wako Kwale na nzumari zao, wanaitwa gavana akija, wanapiga dakika tano, wanapewa soda.

Siku ya kurudi nilisimama kwenye feri karibu na mzee mmoja mwenye sanduku refu jeusi. Nikauliza, "Shikamoo mzee, hiyo ni saksafoni?" Akasema marahaba, ndiyo, ana kazi Diani usiku huo. Nikamwambia mimi natoka kupiga ziara ya muziki Mombasa. Akanitazama kwa huruma. "Na ulinikosa? Mimi Jumamosi huwa kwenu."

Nimeifuta ile video. Mliohifadhi, haya. Ninatengeneza nyingine na inaanzia Msambweni, kwenye minazi, si Ngomeni. Juzi nilienda kwa nyanya nimebeba kamera na taa, nikamwomba anieleze nazi zilivyokuwa zinavushwa enzi zake, nani alibeba, bei ilikuwa gani. Hakujibu. Aliingia jikoni, akatoka na mbuzi na nazi nne, akaviweka miguuni pangu.

"Kuna kwanza," akasema. "Halafu uniulize."