Madaftari ya Kanisa la Kiafrika mjini Philadelphia

Mtu atakaye kuandika taarikhi ya watu weusi wa miji ya kaskazini ya Marekani, hasa ile ya miaka hamsini ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, hukabiliwa mapema na kikwazo kizito: dola iliwahesabu watu hao, lakini wengi wao haikuwaandika majina. Kabla ya mwaka 1850 sensa ya nchi ile ilitaja jina la mkuu wa nyumba peke yake, na waliosalia, yaani mke, watoto, bibi mzee na mtumishi, wakawa tarakimu katika safu. Hivyo mwanamke mweusi aliyezaliwa, akaolewa na akafa mjini Philadelphia pasi na kumiliki nyumba wala kuitwa mahakamani, aghalabu hatafutwi kwingine ila katika daftari la kanisa lake.

Miongoni mwa makanisa hayo, lenye daraja ya pekee ni First African Presbyterian Church, ushirika wa kwanza wa Wapresbiteri weusi katika Marekani, ulioanzishwa mwaka 1807 na John Gloucester. Huyu alizaliwa mtumwa. Mchungaji mmoja wa Tennessee, Gideon Blackburn, alipoiona akili yake alimnunua, akamfundisha elimu ya dini, kisha akamwacha huru. Alipofika Philadelphia alihubiri kwanza majumbani, na nyumba zilipowafinya wasikilizaji akasimama penye njia panda ya Seventh na Shippen, akawavuta wapita njia kwa sauti yake nzuri ya kuimba, hata mwaka 1811 wakapata kanisa lao papo hapo. Walakini mhubiri huyo alikuwa huru peke yake, kwani mkewe na wanawe walikuwa bado watumwa, na bei yao ilikuwa dola 1,500. Akashika safari za kuchangisha, akaliacha kundi mara kwa mara, mpaka alipowakomboa. Alifariki mwaka 1822, na wanawe wanne wakafuata uchungaji.

Kilichoyafanya madaftari ya Wapresbiteri kuwa hazina ni mfumo wao wa utawala. Hawana askofu; ushirika huongozwa na baraza la wazee waliochaguliwa na washirika wenyewe, na mchungaji akiwa mwenyekiti, na baraza hilo lina karani wake, ambaye hana hiari ya kuandika au kuacha, kwa kuwa kitabu chake hupelekwa mbele ya presbiteri, yaani baraza la juu la makanisa ya eneo, kikaguliwe na kutiwa sahihi. Ukikifungua kitabu cha namna hiyo utaona kila kikao kimeanza kwa sala na kwisha kwa sala, na katikati yake majina ya waliohudhuria, maombi ya wanaotaka kupokewa, na mashauri ya waliogombana, waliolewa pombe, au walioacha kuijongea Meza ya Bwana. Wino wa zamani, uliotiwa chumvi ya chuma, umegeuka rangi ya kahawia, na pale karani alipokaza mkono umeila karatasi hata ikatoboka. Orodha ya washirika nayo huonyesha jinsi kila mmoja alivyoingia, kwa ungamo la imani au kwa cheti kutoka kanisa jingine, na alivyotoka, kwa kifo, kwa kufukuzwa, au kwa cheti cha kuhamia mji mwingine. Na mwenye kuvifuata vyeti hivyo huweza kuiona safari ya aila nzima, mji baada ya mji.

Hazina hiyo haikuwa salama. Mwaka 1824 baadhi ya washirika walijitenga wakaanzisha kanisa la pili, na tarehe 1 Agosti 1842, watu weusi walipokuwa wakiandamana kwa kuadhimisha kukomeshwa utumwa katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza, kundi la wazungu liliwashambulia, likalitia moto kanisa hilo la pili. Dhuluma ya namna ile huangamiza mara mbili, kwani daftari lililomo kabatini huungua pamoja na kuta. Nadhani William Catto, mchungaji wa kanisa la kwanza, alilijua jambo hili barabara, maana ushirika wake ulipotimiza miaka hamsini, mwaka 1857, alitoa hotuba ndefu juu ya taarikhi yake, kisha akaipiga chapa. Leo chama cha taarikhi cha Wapresbiteri, kilichoundwa mwaka 1852, kina jumba la nyaraka katika njia ya Lombard, njia ile ile iliyoupa jina msukosuko wa 1842.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo katika jambo hili, kwa kuwa Waskoti waliofika Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, walikuja na taratibu hiyo hiyo ya wazee, karani na kitabu. Kwa hiyo nawasihi wazee na makarani wa makanisa ya Nairobi, Mombasa na kwingineko: kitabu kilichojaa kisiachiwe mchwa katika stoo, wala kisitupwe kanisa jipya linapojengwa. Kitolewe nakala, nakala hiyo iwekwe mahali pengine, na kitabu chenyewe kikabidhiwe kwa watunza nyaraka wangali hai wazee wawezao kuusoma mwandiko wake na kuwatambua waliotajwa humo.