Samaki wa Mawe ya Maji ya Chumvi

Usimamapo ufuoni Msambweni, msomaji, wakanyaga mwamba wa matumbawe ambao umri wake wahesabiwa kwa malaki ya miaka. Lakini ukiipa bahari kisogo, ukavuka vilima vya Shimba kuelekea bara, utaifikia nchi kavu yenye mawe ya matabaka membamba, yaitwayo mawe ya Maji ya Chumvi. Umri wa mawe hayo wakaribia miaka milioni 250. Na ndani yake wamo samaki.

Mmoja wao ni Australosomus, jenasi iliyokwisha kutoweka duniani. Samaki huyo alipokufa alizama topeni. Tope likamfunika, likashindiliwa, likawa jiwe, naye akabaki humo kwa mifupa na magamba yake.

Jamaa zake wameonekana pia Bukini, yaani Madagaska, ambako Mfaransa Jean Piveteau aliwaeleza samaki wa zama hizo katika kitabu chake cha mwaka 1934. Tena wameonekana hata Greenland, nchi ya barafu. Yawezekanaje? Zama hizo Bukini ilikuwa imeungana na Afrika, na Bahari ya Hindi ilikuwa haijazaliwa. Mkono wa bahari ya kale ulipenya baina yao, ukawaleta samaki. Basi Australosomus ni shahidi wa bahari iliyoitangulia bahari yetu.

Mawe ya namna hii huchimbwa yakatandikwa sakafuni, na nyundo haichagui. Ukiona alama ya magamba, usilibandue jiwe, kwani mahali alipolala samaki ni nusu ya ushahidi wake. Wapashe habari Makumbusho ya Taifa, kama iagizavyo sheria ya mwaka 2006.