Mapanki na Bei ya Taka Kando ya Ziwa

Viwanda vya kuchakata sangara vilipoanza kujengwa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, vilileta kitu ambacho wavuvi wa ziwa hawakuwa nacho kabla: mabaki. Kwa mvuvi na mchakataji wa kijijini, sangara mzima alikuwa na kazi. Kichwa kilipikwa mchuzi, na mafuta ya tumboni yaliyeyushwa yakatumika kumkaangia samaki yuleyule. Kiwanda kilitaka minofu tu, ipelekwe Ulaya, na minofu haifiki nusu ya uzito wa samaki. Kichwa na mifupa vilibaki mlangoni pa kiwanda, na hapo ndipo biashara ya mabaki hayo, yaani mapanki, ilipokua. Wachuuzi, wengi wao wanawake, waliyanunua kwa bei ya chini, wakayakausha au kuyakaanga, wakawauzia watu ambao samaki mzima alikuwa amekwisha kuwashinda bei. Historia hiyo inafaa kusomwa upya leo, kwa sababu maabara za dunia zinaandaa njia mpya ya kuzipa taka thamani. Nashikilia kwamba njia hiyo ikifika kando ya Ziwa Victoria, swali lake gumu litakuwa la umiliki kabla ya kuwa la kemia.

Njia yenyewe ina umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1911 M. C. Potter, mtaalamu wa mimea wa Durham, Uingereza, alionyesha kwamba vijidudu vinapovunja chakula chao hutoa umeme kidogo. Katika miaka ya 1930 Mmarekani H. A. Barker, akiwa Delft nchini Uholanzi, alipata katika tope kijidudu kinachoitwa Clostridium kluyveri, ambacho hula alkoholi na asidi ya siki na kutoa asidi ya kaproiki, yenye kaboni sita. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts wakaipindua hoja ya Potter: walivipa vijidudu umeme, navyo vikatengeneza asidi ya siki kutokana na kaboni dayoksaidi. Siku hizi hatua hizo zinaunganishwa. Taka huchachushwa pasipo hewa hadi zitoe asidi fupi, kisha umeme unaopitishwa kwenye elektrodi huvisaidia vijidudu kuzirefusha ziwe za kaboni sita au nane, jamaa wa zile zinazoyapa maziwa ya mbuzi harufu yake. Asidi hizo hujitenga na maji kwa urahisi zaidi, na zina soko katika chakula cha mifugo, manukato na vilainishi. Bayogesi, zao la kawaida la taka kama hizo, haifikii bei ya asidi hizo, na bei ndiyo inayonirudisha kwenye mapanki.

Mwaka 1997 mtafiti Eirik Jansen aliandika juu ya uvuvi tajiri na wavuvi maskini wa ziwa hili, akieleza jinsi viwanda vilivyowanyang'anya wanawake samaki waliokuwa wakiwachakata na kuwauza. Wengine walijishikiza kwenye mapanki, lakini huko nako hawakuwa na usalama. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, mkaangaji wa Mwanza alikuwa amefungwa kwenye uamuzi wa Brussels, maana kiwanda kisipokata minofu, mapanki hayapo. Nao watengenezaji wa chakula cha mifugo wanayataka mabaki hayohayo. Bondo, yaani kifuko cha hewa cha sangara, ndilo mfano mkali zaidi. Lilipopata wanunuzi wa China na Hong Kong, kilo yake ikaipita minofu kwa mbali, na biashara yake ikawa ya wenye mitaji. Kinachookotwa na maskini hubaki chao mradi tajiri hajakijulia bei.

Wapo watakaosema mapanki yalikuwa aibu, na kwamba heri yageuzwe kuwa kitu kingine. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyaonyesha yakiwa na funza, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani. Ugomvi huo ulihusu zaidi sura ya nchi kuliko riziki ya mchuuzi. Uchafu wa sehemu ya kukaushia huondolewa kwa chanja, maji safi na barafu; kumwondolea mtu malighafi hakumsafishii biashara.

Pingamizi la kitaalamu lina uzito zaidi. Taka za samaki zina protini nyingi, na protini ikioza hutoa amonia inayovisumbua vijidudu. Vijidudu hivi vinafanya vizuri zaidi pakiwa na sukari, wanga au alkoholi. Nakubali. Kwa hiyo Mwanza ingeanza na maganda ya mihogo, ndizi zilizooza sokoni na machicha ya kiwanda cha bia. Mtu ataniambia hizo hazina mwenyewe, kama yalivyokuwa mabaki ya mkonge kule Hale, Tanga, yaliyokuja kutumika kuzalisha bayogesi ya umeme. Mkonge ulikuwa tofauti: mabaki yake hayakuwa na mlaji, yalikuwa mzigo kwa shamba na kwa mto. Machicha yana wafugaji wanaoyategemea, na maganda ya mihogo yana mbuzi wa mtaani. Kuhusu umeme, hoja ya uhaba inapungua nguvu tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024. Gharama ndiyo itakayoamua.

Sipingi mtambo. Taka zinazooza na kutiririkia ziwani hazimfaidii mtu, na hizo ndizo za kuanzia. Lakini halmashauri za Nyamagana na Ilemela jijini Mwanza, siku mwekezaji wa kwanza atakapobisha hodi, zimwombe kwanza orodha ya wanaoishi kwa taka anazozitaka, na zisisaini mkataba kabla watu hao hawajapewa fungu lao kwa maandishi.